Ulimi na Hati: Habari za Divai Nyekundu ya Italia

Lugha yetu ina neno moja ambalo waonjaji wa divai wa Ulaya wangelipewa wangelishukuru. Neno hilo ni ukakasi. Mtoto yeyote wa pwani aliyeuma bibo kabla halijaiva, au aliyekula zambarau mpaka ulimi ukawa mzito na midomo ikajikunja, amelifahamu neno hili kwa kinywa kabla ya kulifahamu kwa kamusi. Ukakasi si uchungu, wala si uchachu. Uchungu na uchachu ni ladha. Ukakasi ni mguso, kama kwamba ulimi umepakwa vumbi laini na mate yamekauka. Katika divai nyekundu hutoka katika maganda, kokwa na vikonyo vya zabibu, na pengine katika mbao za pipa. Maji ya zabibu yakusudiwayo kuwa divai nyeupe hutengwa na maganda mapema, na kwa hiyo ukakasi wake ni haba. Ya divai nyekundu huachwa yachache pamoja na maganda, yakapata rangi na ukakasi kwa mkupuo mmoja.

Najua ya kuwa wengi katika wasomaji wa kurasa hizi hawatumii kinywaji hiki, wengine kwa amri ya dini na wengine kwa hiari yao, wala si nia yangu kumshawishi mtu. Mtu aweza kusoma habari za vita bila ya kushika bunduki. Neno mvinyo tulilipata kwa Wareno na neno divai kwa Wafaransa. Na kwa kuwa mvinyo kwa wengi wetu limekwisha kuwa jina la vileo vikali vilivyokenekwa, nitashika neno divai mpaka mwisho.

Nitakalo kuuliza ni swali la historia. Divai inaposemwa kuwa ni bora, ni nani aliyesema? Ni ulimi wa aliyeionja, au ni hati iliyobandikwa chupani? Katika Italia mashahidi hawa wawili wameshindana kwa karne nyingi, na kila mmoja amepata siku yake ya kusema uongo.

Kuonja kwenyewe kuna utaratibu wake. Bilauri hutiwa divai kidogo, isifike nusu, ikainamishwa juu ya kitambaa cheupe ili rangi ionekane, hasa rangi ya ukingoni. Kisha huzungushwa, ikanuswa, na baadaye huchukuliwa funda dogo likapitishwa kila pembe ya kinywa. Wenye kazi hiyo hutema, maana aonjaye divai arobaini kwa asubuhi moja na kuzimeza zote hataweza kuisimulia hata ya kumi. Baada ya kutema hungoja, wakipima ladha iliyosalia yadumu kwa muda gani. Zabibu ya Nebbiolo, ambayo ndiyo mama wa divai za Barolo na Barbaresco katika jimbo la Piemonte, humdanganya mgeni kwa macho. Rangi yake ni hafifu, na mapema ukingo wake huanza kugeuka kuwa kama tofali. Mgeni hudhani amepewa kitu dhaifu. Akiinusa hupata waridi na lami kwa pamoja, jambo la ajabu lakini la kweli. Na akiionja ulimi wake hushikwa kama kwa koleo. Sangiovese, zabibu kuu ya Toscana, haishiki kwa nguvu hiyo, lakini ina uchachu ulio wazi na harufu ya tunda dogo jekundu la Ulaya liitwalo cheri.

Basi mwonjaji hapimi utamu. Hupima kama uchachu, ukakasi na nguvu ya kileo vimepatana, na kama havikupatana, je, vitapatana baadaye? Hapa ndipo penye shina la habari yote. Ukakasi wa divai njema hupungua kwa miaka: chembe zake huungana, nyingine hutuama chini ya chupa kuwa mashapo, na kilichokuwa kikali huwa laini kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Barolo njema yaweza kutaka miaka kumi au ishirini. Kwa sababu hiyo, anunuaye divai changa ya namna hii hununua ahadi. Na palipo na ahadi hutakiwa hati, na palipo na hati huzuka wenye kughushi.

Warumi walilijua jambo hili. Plinius Mkubwa, aliyefariki mwaka 79 B.K. mlima Vesuvius ulipolipuka, alitenga kitabu cha 14 katika vitabu vyake 37 vya habari za viumbe kwa ajili ya mizabibu na divai. Aliandika juu ya divai iliyotengenezwa mwaka 121 K.K., mwaka ambao Opimius alikuwa mmoja wa wakuu wawili wa Roma, akasema ya kuwa ingaliko katika siku zake, imekuwa nzito kama asali chungu, hainyweki mpaka itiwe maji. Mahali pengine alilalamika kwamba divai huharibiwa kungali ndani ya mitungi na linalouzwa ni jina tu. Petronius, aliyeishi katika karne hiyo hiyo, alilifanyia jambo hilo mzaha katika kitabu chake cha Satyricon. Tajiri wake Trimalchio, mtumwa aliyepata uhuru na mali nyingi, awaletea wageni mitungi ya kioo yenye vibandiko shingoni, vikitangaza ya kuwa hiyo ni Falerno ya Opimius yenye umri wa miaka mia. Msomaji wa Kirumi alicheka kwa kuwa alijua kuhesabu: tangu mwaka wa Opimius miaka ilikuwa imepita mia na zaidi sana. Nataja Falerno si kwa rangi yake bali kwa kibandiko chake.

Baada ya hapo naruka karne nyingi, kwa kuwa hati ya kwanza inayotuhusu iliandikwa Firenze tarehe 24 Septemba 1716. Siku hiyo Cosimo III de' Medici, mtawala mkuu wa Toscana, alitangaza mipaka ya nchi nne ambazo divai zake zingeruhusiwa kuitwa kwa majina yao: Chianti, Pomino, Carmignano na Valdarno ya Juu. Divai hizo zilikuwa zikisafirishwa nchi za nje, na wafanyabiashara walikuwa wakiyatumia majina hayo kwa divai za popote. Hati ilihusu mipaka na udanganyifu. Ilimwambia mnunuzi divai imetoka wapi, nalo ni jambo la haki ambalo ulimi peke yake ni vigumu kulithibitisha.

Mtu aliyetaka kujua Chianti iwe na ladha gani alikuja karne moja na nusu baadaye. Bettino Ricasoli alizaliwa mwaka 1809 katika ukoo wa makabaila wenye ngome ya Brolio, na mwaka 1861, Cavour alipofariki, yeye ndiye aliyemfuata kuwa Waziri Mkuu wa Italia iliyokuwa imeungana juzi juzi. Walimwita Mkabaila wa Chuma kwa ukaidi wake. Lakini kwa miaka mingi, kabla ya siasa na baada yake, alikuwa akifanya majaribio katika ghala za Brolio, akichanganya zabibu moja na nyingine, akionja na kuandika. Mwaka 1872 alimwandikia Profesa Cesare Studiati wa Chuo Kikuu cha Pisa barua ambayo imesemwa mara nyingi kuliko ilivyosomwa. Alieleza ya kuwa Sangiovese ndiyo iipayo divai harufu yake na nguvu yake. Canaiolo, zabibu nyekundu nyingine, huupunguza ukali wa ile ya kwanza bila ya kuiondolea harufu. Na Malvasia, ambayo ni zabibu nyeupe, huifanya divai kuwa nyepesi, ya kunywewa mezani kila siku. Kwa hiyo yafaa iachwe katika divai inayokusudiwa kuwekwa miaka.

Msomaji aishike sentensi hiyo ya mwisho. Ricasoli, kwa ulimi wake, alitenga divai mbili: ya upesi, yenye zabibu nyeupe kidogo, na ya kuwekwa, isiyo nayo. Karibu miaka mia baadaye watunga sheria waliikumbuka barua hiyo kwa nusu.

Kabla ya kuifikia sheria hiyo yafaa kuuliza ni nani waliokuwa wakilima. Katika Toscana ardhi ililimwa kwa mkataba wa nusu kwa nusu. Mwenye ardhi alitoa shamba na nyumba, familia ya mkulima ikatoa mikono yake, na mavuno yakagawanywa. Mizabibu haikupandwa peke yake, bali baina ya ngano na mizeituni, mara nyingi ikitambazwa juu ya miti iliyo hai, kwa kuwa familia ilihitaji kula kwanza. Nusu hupimwa kwa wingi, haipimwi kwa ubora. Mkulima aliyepanda zabibu nyeupe ya Trebbiano, izaayo sana, alipata nusu kubwa zaidi. Aliyetunza mzabibu mgumu uzaao kidogo alijipunguzia. Tena divai njema iliuzwa. Ya nyumbani aghalabu ilikuwa maji yaliyomwagwa juu ya machicha ya zabibu zilizokwisha kukamuliwa, yakaachwa yachache kidogo, yakawa na rangi na ukakasi bila ya nguvu. Katika vitabu vingi vya kusifu divai za Toscana nimeona picha za ngome na za makabaila. Ndimi zilizokunywa maji ya machicha ni nadra kutajwa, ingawa mikono ya watu hao ndiyo iliyopanda kila mzabibu unaosifiwa.

Mkataba huo uliwekewa mwisho na sheria ya mwaka 1964, iliyokataza kufungwa mikataba mipya ya namna hiyo. Lakini wakati huo wengi walikuwa wamekwisha kwenda mijini viwandani. Vilima viliachwa bila ya watu, na wenye ardhi walianza kupanda mizabibu upya kwa haraka, safu zilizonyooka za kupita trekta, wakichagua miche iliyozaa kwa wingi.

Katika hali hiyo ndipo serikali ya Italia ilipotoa sheria yake kubwa ya divai, tarehe 12 Julai 1963. Sheria hiyo iliweka daraja ya majina yaliyolindwa, na juu yake daraja nyingine ya majina yaliyolindwa na kuthibitishwa. Daraja hii ya juu ilikaa tupu miaka 17. Haikupewa divai yoyote mpaka mwaka 1980, zilipoingia Barolo, Barbaresco, Brunello ya Montalcino na Vino Nobile ya Montepulciano. Divai za daraja hiyo lazima zionjwe na baraza la waonjaji kabla ya kutiwa chupani, na shingo ya kila chupa huvikwa kikanda cha serikali chenye nambari. Kwa maneno mengine, baada ya miaka 17 hati ilikubali kuuita ulimi uje kutoa ushahidi.

Chianti ilipata kanuni zake mwaka 1967, na kanuni hizo ni mfano mzuri wa jinsi karatasi iwezavyo kumheshimu mtu kwa kumpotosha. Ziliamuru ya kuwa Chianti lazima iwe na zabibu nyeupe kati ya asilimia 10 na 30. Si ruhusa; ni lazima. Ricasoli alikuwa ameziacha nje ya divai ya kuwekwa. Sheria iliyojitegemeza kwa jina lake iliziingiza katika kila chupa, nyepesi na ya kuwekwa. Sababu haikuwa ya siri. Zabibu nyeupe zilikuwa tele mashambani, na wingi ulikuwa na wapiga kura. Matokeo yake yalionekana katika bilauri: divai nyingi za miaka hiyo zilikuwa na rangi iliyofifia na uchachu usio na mwili, zikauzwa katika chupa za mviringo zilizovikwa ukindu, ambazo watalii walizipenda zaidi zikiwa tupu, za kuchomekea mishumaa.

Waliokataa walikuwa wachache, na kila mmoja alikataa kwa njia yake. Mario Incisa della Rocchetta alikuwa amepanda cabernet, zabibu ya Kifaransa, mwaka 1944 katika ardhi ya mawe huko Bolgheri karibu na bahari, mahali ambapo hakuna aliyepatarajia divai ya maana. Kwa miaka mingi ilinywewa nyumbani tu. Mavuno ya mwaka 1968 ndiyo yaliyouzwa kwanza, kwa jina la Sassicaia, maana yake mahali pa mawe. Mwaka 1978, mjini London, jarida la Decanter lilikusanya divai za cabernet za nchi mbalimbali zaidi ya 30, na waonjaji wakaitanguliza Sassicaia ya mwaka 1972 mbele ya zote, pamoja na za Ufaransa. Kwa sheria ya nchi yake, divai hiyo ilikuwa ni divai ya mezani, daraja la chini kabisa, sawasawa na ile iuzwayo kwa madumu. Ilibaki hivyo mpaka mwaka 1994. Jamaa yake Piero Antinori alitoa Tignanello kwa mavuno ya mwaka 1971, na tangu mwaka 1975 akaziondoa kabisa zabibu nyeupe. Naye pia akashuka daraja la mezani kwa hiari yake.

Lakini mimi huvutwa zaidi na mkasa wa Radda. Sergio Manetti, mtu wa viwanda, alinunua shamba la Montevertine mwaka 1967, akapanda mizabibu mwaka uliofuata. Alitaka divai ya Sangiovese peke yake, isiyo na zabibu ya kigeni wala zabibu nyeupe, na mwaka 1977 akaitoa kwa jina la Le Pergole Torte. Hapo ndipo upuuzi wa hati ulipodhihirika. Cabernet ya Bolgheri, kwa haki, haikuwa ya kienyeji. Lakini hii ilikuwa zabibu ya Chianti, iliyolimwa katikati ya Chianti, katika mji ule ule ambao wakulima 33 walikutana mwaka 1924 wakaunda chama cha kulilinda jina la Chianti na kuchukua alama ya jogoo mweusi. Nayo haikuruhusiwa kuitwa Chianti kwa kosa la kuwa Chianti tupu. Mwaka 1981 Manetti alitoka katika chama.

Aliyemwongoza katika kuonja alikuwa Giulio Gambelli, aliyezaliwa Poggibonsi mwaka 1925. Gambelli hakuwa na shahada ya chuo. Alijifunza tangu ujana kwa Tancredi Biondi Santi wa Montalcino, akapewa jina la utani Bicchierino, yaani Bilauri Ndogo. Hakuja shambani na mapishi ya maabara. Alizunguka ghala kwa ghala, pipa kwa pipa, akionja, na asipopendezwa alisema. Alitaka divai iachwe na maganda yake muda mrefu, iwekwe katika mapipa makubwa, isifichwe kwa harufu ya mbao. Alifariki Januari 2012, na wengi wa watengenezaji wanaoheshimiwa katika Toscana hukiri ya kuwa walijifunza kwake Sangiovese ni nini. Katika habari hii yote simwoni mtu mwingine ambaye ulimi wake ulikuwa ni hati kamili.

Hata hivyo ulimi una mpaka wake, na mpaka huo ulionekana kwa msiba. Mwezi Machi 1986 watu wa kaskazini ya Italia walianza kufa baada ya kunywa divai ya bei ndogo. Watengenezaji wasio na huruma walikuwa wametia methanoli, sumu iliyokuwa rahisi kwa bei, ili divai dhaifu ipande nguvu ya kileo. Watu zaidi ya 20 walifariki, na wengine walipofuka. Ubaya wa methanoli ni kwamba kinywani haijitambulishi. Mwonjaji hodari angaliweza kuinywa pamoja na maskini aliyeinunua dukani. Hapo palihitajika maabara, mhuri, daftari la ukaguzi na hakimu. Wapenda divai wengi husimulia miaka hiyo kama miaka ya waasi mashujaa walioishinda karatasi. Mimi nadhani simulizi hiyo haina budi kuwakumbuka waliokufa kwa sababu karatasi haikukaguliwa. Biashara ya Italia ya divai ng'ambo ilianguka, na katika miaka iliyofuata sheria ilitengenezwa upya. Sheria ya Februari 1992 ilifungua daraja jipya kwa divai za majimbo, ambamo waasi wengi wa Toscana walipata makao.

Kampuni iliyokuwa katikati ya kashfa hiyo ilikuwa Narzole, katika Piemonte, si mbali na vilima vya Barolo. Huko nako kulikuwa na ugomvi mwingine, na ugomvi huo ulikuwa juu ya ukakasi wenyewe. Barolo yatoka vijiji 11 vya nchi ya Langhe. Kwa muda mrefu ilisimuliwa kwamba zamani ilikuwa tamu, mpaka Bibi Giulia Colbert, Mfaransa aliyeolewa na mkabaila wa Barolo, alipomwita Louis Oudart, Mfaransa mwenzake, akaifanya kavu. Wachunguzi wa karibuni wameitilia shaka hadithi hiyo, wakaonyesha kazi ya Paolo Francesco Staglieno, askari mstaafu aliyetengeneza divai kavu kwa ajili ya Cavour huko Grinzane tangu mwaka 1836. Hadithi ya bibi kabaila ni nzuri zaidi, na huenda ndiyo maana imedumu.

Langhe ya karne ya ishirini haikuwa nchi ya makabaila. Ilikuwa nchi ya wakulima wadogo na ya ufukara mkubwa, kama ajuavyo aliyesoma kitabu cha Beppe Fenoglio, La malora, cha mwaka 1954, au ushuhuda wa wakulima uliokusanywa na Nuto Revelli na kutolewa mwaka 1977. Wengi waliuza zabibu zao kwa wafanyabiashara sokoni, kwa bei ya mnunuzi. Elio Altare wa La Morra, kijana wa nyumba kama hiyo, alisafiri mwaka 1976 mpaka Burgundy katika Ufaransa, akaona wakulima wenye mashamba madogo kama la baba yake wakiishi kwa heshima. Alirudi na fikira mpya: kuacha maganda siku chache tu badala ya wiki nyingi, na kutumia mapipa madogo mapya ya mwaloni ya lita 225, ili divai iwe laini mapema na inukie vizuri ingali changa. Mwaka 1983 alichukua msumeno wa injini akayakata mapipa makubwa ya baba yake. Baba alimnyima urithi, akafariki bila ya kuubadili wasia, na kijana ikamlazimu kuinunua ardhi hiyo kwa ndugu zake.

Upande wa pili alisimama Bartolo Mascarello wa Barolo, aliyefariki mwaka 2005. Yeye hakukubali pipa dogo hata moja. Uzeeni, akiwa hawezi tena kazi ya ghala, alikaa akichora vibandiko kwa mkono, na kimojawapo kikawa mashuhuri, kikikataa kwa pamoja pipa la Kifaransa na mwanasiasa Berlusconi. Ni rahisi kumpenda Mascarello, na aliyepata kuonja divai ya namna yake ikiwa na miaka ishirini hana haja ya kuhojiwa sana. Lakini aliyeweza kungoja miaka ishirini alikuwa na cha kula katika miaka hiyo. Altare hakuukata ukakasi tu; aliikata na njaa iliyoufuata. Leo pande mbili hizo zimekaribiana, mapipa makubwa yamerudi katika ghala nyingi, na sheria yaamuru Barolo iwekwe miezi 38 kabla ya kuuzwa, na 18 katika hiyo iwe ndani ya mti.

Ushawishi wa mnunuzi wa mbali uliigusa Montalcino pia, kwa namna iliyo kinyume cha mambo ya Chianti. Brunello kwa hati yake ni Sangiovese tupu. Mwaka 2008 serikali ilianza kuwachunguza baadhi ya watengenezaji walioshukiwa kuichanganya na zabibu nyingine, na maelezo yaliyotolewa zaidi ni kwamba soko la nje lilikuwa limezoea divai nyeusi na laini, lisitake rangi hafifu na uchachu wa Sangiovese. Safari hii hati ndiyo iliyokuwa ikiilinda ladha, na ndimi ndizo zilizokuwa zimehongwa. Mwaka 2011 wakulima wa Montalcino waliulizwa kama wakubali zabibu nyingine ziingie hata katika divai yao ndogo, Rosso. Walio wengi walipiga kura ya kukataa.

Chianti nayo ilirudi nyuma hatua kwa hatua. Mwaka 1984, katika Chianti Classico, zabibu nyeupe zilipunguzwa zikawa kati ya asilimia 2 na 5. Mwaka 1996 Chianti Classico iliruhusiwa kuwa Sangiovese tupu, na kuanzia mavuno ya mwaka 2006 zabibu nyeupe zilikatazwa ndani yake kabisa. Miaka 134 ilikuwa imepita tangu barua ya Brolio. Kwa kanuni za sasa, Le Pergole Torte ya Radda ingeweza kuvaa jina la Chianti Classico na jogoo wake mweusi bila ya kubadilishwa tone moja. Nyumba ya Montevertine haikurudi. Chupa zake hutoka mpaka leo kwa jina la jimbo tu, Toscana, na juu ya kibandiko huwa na picha ya uso wa mwanamke.